Oili juu ya mchanga: cheni ya pikipiki Umalila na Uporoto

Cheni ya pikipiki huku Mbeya, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hufa kwa mchanga. Kilomita huila polepole, lakini mchanga ulionaswa na oili huitafuna haraka, na mwenye pikipiki hubaki akishangaa kwa nini kila siku anaipaka na bado inalia. Nasema hivi baada ya miaka mingi ya kazi ya ugani, yaani kuwashauri wakulima, nikipanda na kushuka milima ya Umalila, kisha upande wa Uporoto, kwa pikipiki, kiangazi na masika. Ningependa vijana wa bodaboda wa Mbalizi, Uyole na Isyonje walisikie jambo hili. Ningependa pia wenzangu tuliogawiwa pikipiki za kazi mwaka 2022 walisikie, kwa sababu wengi wetu tulikabidhiwa funguo na kofia ngumu, na habari ya cheni hakuna aliyeitaja.

Mtu asiyeijua barabara ya kutoka Mbalizi kwenda Ilembo na Santilya ajue kwamba ni mlima juu ya mlima. Mvua inaanza Novemba na kukuachia kama Mei. Katikati hapo udongo mwekundu unanata kwenye tairi, unapanda kwenye madigadi, unajaa kila penye uwazi. Mkulima wa viazi hawezi kusubiri jua, kwa hiyo bodaboda hupanda na kushuka na gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita mdomo wake, nyuma, mara nyingine na mtu juu yake. Mzigo wote huo unavutwa na kitu kimoja chembamba kinachopita wazi kando ya tairi la nyuma, sentimita chache kutoka kwenye tope. Breki watu wanaikagua. Tairi wanalitazama. Cheni wanaikumbuka ikishaanza kupiga kelele.

Na ikipiga kelele, dawa ya kijiweni ni moja: oili chafu. Unaona kijana anachukua chupa ya maji ya kunywa iliyotobolewa kizibo, ndani mna oili iliyomwagwa kwenye injini ya mtu, anaigeuza juu ya cheni huku tairi linazunguka, kelele inanyamaza, anaondoka. Ukimya ule ndio unaowadanganya watu. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba masizi, mabaki ya petroli na chembe za chuma zilizolika ndani ya injini. Ni nyepesi, kwa hiyo ikishapashwa moto na mwendo hutupwa nje na kuishia kwenye rimu na tairi. Inayobaki hukamata vumbi la barabara. Ukirudia kesho na keshokutwa, unajenga urojo mweusi wa oili, mchanga na chuma, na kila pingili inageuka kuwa kinu kidogo kinachosaga chuma chake chenyewe.

Aliyenionyesha jambo hili kwa macho ni fundi mmoja wa Mbalizi, mtu wa makamo, mkimya, ambaye gereji yake ni bati na nguzo nne tu. Siku hiyo alikuwa amevua cheni iliyokwisha kwenye pikipiki ya mteja. Aliikata kwa msumeno wa chuma, akaipiga pini moja ikatoka.

"Mama, shika hapa kwa kidole," aliniambia. "Usitazame nje. Nje kote kuna oili. Tazama pini."

Pini ilikuwa imelika upande mmoja mpaka ukucha ulinasa kwenye ngazi yake. Ndani hapakuwa na oili. Palikuwa na unga mkavu wa rangi ya kahawia nyekundu, kutu iliyosagwa. Nje cheni ilikuwa inang'aa kwa mafuta, ndani imekauka.

Baada ya hapo nilianza kuielewa cheni kama chombo chenye sehemu nyingi, si ukanda mmoja wa chuma. Kila pingili ina mabati ya pembeni, pini inayopita katikati, bushi inayoizunguka pini, na rola inayozunguka juu ya bushi. Muundo huu ni wa zamani: Hans Renold, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Manchester, Uingereza, aliusajili mwaka 1880, na mpaka leo haujabadilika sana. Rola ndiyo inayokanyaga jino la sproketi, lile gurudumu la meno linalozungusha cheni mbele au kuzungushwa nayo nyuma. Pini ndiyo inayogeuka ndani ya bushi kila pingili inapokunjwa kuingia na kutoka kwenye sproketi. Mahali panapohitaji oili ni hapo ndani, kati ya pini na bushi, na kati ya bushi na rola. Oili inayong'aa juu ya mabati kazi yake ni kuzuia kutu tu.

Watu husema cheni "imerefuka," nami nasema hivyo pia, lakini chuma hakijavutika. Kila pini imelika kidogo, kila bushi imelika kidogo, na viungo zaidi ya mia moja vikijumlishwa pamoja unapata urefu mpya. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia cheni namba 428. Tarakimu ya kwanza, 4, inakueleza umbali kutoka pini hadi pini: sehemu nne za nane za inchi, yaani nusu inchi, milimita 12.7. Kwa hiyo ukiivuta cheni ikanyooka, ukahesabu pini 21, utakuwa na nafasi 20 katikati, na rula lazima isome milimita 254 kama cheni ni mpya. Ikisoma 259, imerefuka kwa karibu asilimia 2, na hapo hakuna oili itakayoiokoa. Rula ya mtoto wa shule ya sentimita 30 inatosha kwa kipimo hiki. Ninayo moja kwenye begi la kazi, pamoja na daftari la wakulima.

Nilipohamishiwa upande wa Uporoto nilikutana na adui wa aina nyingine. Umalila lilinitesa tope. Huku, kuanzia Juni hadi Oktoba, ni vumbi. Anayetoka Uyole kupanda Isyonje, kisha akaingia barabara ya vumbi kuelekea Kitulo, analijua: jepesi, la kijivu, linapanda hata ukiendesha taratibu. Udongo wa milima hii umetokana na volkano. Mlima Rungwe na Ngozi, ambalo leo tunalifahamu kwa ziwa lake, vilirusha majivu na vijiwe vyepesi vyenye matundu maelfu ya miaka iliyopita, na ndiyo sababu viazi vinakubali sana hapa. Lakini vijiwe vile ni kioo cha volkano kilichotoka povu. Vikisagwa na magurudumu ya malori, vumbi lake lina ncha kali. Mimi ambaye kazi yangu ni kuusifu udongo huu mbele ya wakulima, kwenye cheni nauogopa.

Kwa hiyo kanuni yangu imekuwa moja: siweki oili mpya kabla sijatoa uchafu wa zamani. Kama sina muda wa kusafisha, afadhali nifute tu kwa kitambaa kikavu na nisiongeze kitu, mpaka nipate nusu saa ya maana.

Kusafisha kwenyewe kunahitaji vitu vya nyumbani. Mafuta ya taa kidogo kwenye kopo, brashi ya nywele za plastiki au mswaki wa zamani, vitambaa viwili au vitatu vya pamba, na gazeti au gunia kuukuu la kutandika chini. Pikipiki isimame kwenye stendi kubwa, tairi la nyuma liwe hewani, gia iwe nyutro, na injini iwe imezimwa. Hili la injini nalisema kwa nguvu zote. Nimewaona vijana wakiingiza gia ya kwanza, tairi linajizungusha lenyewe, wao wanashikilia kitambaa kwenye cheni kwa sababu inaharakisha kazi. Kitambaa kikivutwa, kidole kinafuata, na kati ya cheni na sproketi kidole hakitoki kizima. Zungusha tairi kwa mkono. Ukiweza, toa na funguo.

Chovya brashi, sugua cheni pande zote nne: juu, chini, ubavu wa ndani na ubavu wa nje. Watu wengi husugua ubavu wa nje peke yake kwa kuwa ndio unaoonekana, na ubavu wa ndani, ule unaotazama tairi, ndio unaopokea tope la kwanza. Mwaga mafuta ya taa kidogo kidogo, uache yaingie kwenye viungo, sugua tena. Kitambaa cha kwanza kitatoka cheusi kabisa. Endelea mpaka kitambaa kitoke na rangi ya kijivu hafifu na rola zianze kuzunguka zenyewe ukizigusa kwa kidole. Sitaki brashi ya waya. Inakwaruza, na kwenye zile cheni zenye vipete vidogo vya mpira kati ya mabati, inavikata vipete. Petroli nayo naikataa, kwa cheni zote: inaharibu mpira, inakausha ngozi ya mikono, na kwenye ua ambao jiko la mkaa liko hatua mbili kutoka ulipo ni kuita moto. Dizeli inasafisha vizuri kama mafuta ya taa hayapo, ila inachelewa kukauka.

Kisha pale mbele. Sproketi ndogo imejificha nyuma ya kava, kando ya injini, na kwa kuwa haionekani, haisafishwi. Fungua zile bolti chache uone. Upande wa Umalila nilikuta tope na oili chafu vimeshindiliwa humo vikawa vigumu kama tofali bichi, mpaka ikabidi kuvichokoa kwa bisibisi, taratibu ili nisiguse sili ya oili iliyo nyuma ya sproketi. Uchafu huo unakaa ukiisubiri cheni iliyosafishwa ipite. Tena sproketi ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa: kama ina meno 14 na ya nyuma ina 42, basi kila jino la mbele linakanyagwa mara tatu kwa kila mara moja ya jino la nyuma. Likichongoka na kulalia upande mmoja, litaiharibu hata cheni mpya.

Cheni ikishafutwa, iache ikauke. Maji yaliyobaki kutokana na kuosha ni hatari zaidi ya mafuta ya taa. Baridi ya huku ya Juni na Julai, pamoja na umande wake, inatosha kuitia kutu cheni iliyooshwa jioni ikaachwa bila kitu. Na sehemu za kuoshea pikipiki kwa mpira wa presha, namwomba kijana anayeosha aelekeze maji kwenye rimu na madigadi, asiyapige kwenye cheni wala katikati ya gurudumu. Presha ile inausukuma mchanga kuingia ndani ya rola na ndani ya beringi, mahali ambapo brashi haitaufikia tena.

Sasa oili. Ipo ya kupuliza ya kopo iliyotengenezwa kwa ajili ya cheni, nzuri, bei yake ndiyo kikwazo. Mimi natumia oili ya gia, ile nzito inayouzwa kwenye maduka ya vipuri, mpya kutoka kwenye chupa. Chupa moja ndogo nakaa nayo muda mrefu sana kwa sababu kinachohitajika ni tone tu. Naidondosha kwenye sehemu ya chini ya cheni, upande wa juu wa sehemu hiyo, yaani upande wa ndani unaokutana na meno. Cheni ikizunguka, mwendo huisukuma oili kutoka ndani kwenda nje, ikipita kwenye rola na bushi. Ukiipaka kwa nje, mwendo huohuo unaitupa barabarani. Tone moja kwenye kila rola, tone moja kila penye mwachano wa mabati, nikizungusha tairi polepole mpaka nirudi kwenye pingili niliyoanzia, ambayo huwa naiwekea alama ya chaki.

Muda mzuri ni jioni, baada ya safari, cheni ikiwa na joto kidogo. Oili inalainika na kupenya, kisha inakaa usiku kucha. Asubuhi nafuta ya juu yote kwa kitambaa kikavu. Hapa ndipo vijana hubishana nami sana. "Sasa mama, umeweka halafu unaitoa?" Naitoa ya juu kwa sababu kazi yake imekwisha, iliyobaki ndani ndiyo niliyoitaka. Kiangazi nafuta kabisa mpaka cheni ionekane kama kavu. Masika naacha utando mwembamba ili kuzuia kutu. Vitabu vingi vya pikipiki vinasema kazi hii ifanywe kila kilomita 500 hadi 1,000, mapema zaidi penye vumbi na mvua. Kwa barabara zetu, nashauri kila wiki kwa anayeendesha kila siku, na kila mara baada ya kuvuka tope lililofika kwenye ekseli.

Grisi je? Nimeulizwa sana. Grisi ya kawaida ni nzito mno kupenya kwenye bushi, inabaki juu na kukamata vumbi kuliko kitu kingine chochote. Iache kwenye beringi.

Kulegea kwa cheni ni habari inayostahili muda wake, kwa kuwa wengi hudhani cheni iliyokazwa sana ndiyo salama. Ukiwa na lumbesa nyuma, shokapu zinabonyea, mkono wa nyuma unaobeba gurudumu unapanda, na umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka. Cheni iliyokuwa imekaza pikipiki ikiwa tupu sasa haina pa kwenda. Inavuta shafti ya giaboksi na beringi zake, inavuta beringi za gurudumu, na siku moja kwenye shimo inakatika. Ikikatika mtelemkoni inaweza kujizungusha kwenye sproketi ya mbele na kupasua kava ya injini, au kukwamisha tairi la nyuma. Mwenzangu mmoja wa kata ya jirani ilimkatikia akiwa anashuka. Alishukuru kwamba alikuwa peke yake na mwendo ulikuwa mdogo.

Pima katikati ya sehemu ya chini, kati ya sproketi mbili. Isukume juu na chini kwa kidole. Pikipiki nyingi za aina hizi zinataka uchezaji wa milimita 20 hadi 30, na kijitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Zungusha tairi upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni hailiki sawasawa, kisha fuata kipimo cha pale ilipokaza zaidi. Ukilegeza nati ya ekseli na kurekebisha, hakikisha alama za kushoto na kulia zinalingana, la sivyo gurudumu litakaa upande na cheni itakula ubavu wa meno. Ukimaliza kukaza nati, kanyaga breki ya nyuma. Kwenye pikipiki zenye breki ya ngoma, gurudumu likirudi nyuma fimbo ya breki nayo inabadilika, na mtu anaweza kuondoka na cheni nzuri na breki mbovu. Tazama pia ile klipu ndogo ya kiungio: upande wake uliozibwa uelekee mwendo wa cheni, ulio wazi ubaki nyuma.

Kuhusu kava la cheni nina msimamo ambao sitaubadilisha. Pikipiki nyingine huja na kava lililofunika cheni nzima, na vijana hulitoa kwa kuwa linajaza tope na linapiga kelele likilegea. Naelewa usumbufu huo. Lakini abiria wetu wengi ni akina mama waliojifunga kitenge, mara nyingi na mtoto mgongoni aliyefungwa kwa khanga ya pili, wamekaa upande. Ncha ya khanga ikiingia kwenye cheni inayozunguka, inamvuta mama na mtoto kwa pamoja. Kava linaweza kufunguliwa, likasafishwa, likafungwa tena na bolti mpya. Mama anayekwenda kliniki Ilembo ana haki ya kufika akiwa mzima. Na wewe unayembeba, kabla ya kuondoka mwambie, "Mama, vuta nguo mbele, uikalie," na usubiri mpaka aikalie.

Kingine ambacho kazi yangu hainiruhusu kunyamazia ni mafuta ya taa machafu yanayobaki kwenye kopo. Umalila na Uporoto ndiko maji ya wengi yanakoanzia. Chemchemi ziko kila bonde, na watu wanachota chini ya pale unaposafishia. Usimwage kwenye mfereji wala kwenye shamba la viazi. Yaache kwenye chupa iliyofungwa, uchafu utatulia chini baada ya siku kadhaa, yale ya juu utayatumia tena kwa usafi wa kwanza wa wiki inayofuata. Matope ya chini nayapeleka gereji inakokusanywa oili chafu.

Siku cheni inapokwisha kweli, dalili ni hizi: rula inasoma 259, ukiivuta nyuma ya sproketi kubwa inainuka mpaka unaona nusu ya jino, kuna pingili ngumu zisizonyooka hata baada ya kusafishwa. Hapo nunua seti nzima, cheni na sproketi zote mbili. Muuza vipuri atakuambia unaweza kuanza na cheni tu, sproketi mwezi ujao. Cheni mpya yenye milimita 12.7 ikikalia meno yaliyozoea cheni iliyorefuka, mzigo wote unabebwa na meno machache, na utarudi kwake mapema kuliko mlivyokubaliana. Mwombe akufungulie boksi, uzungushe rola kwa kidole, na uipime kwa rula palepale dukani kabla hujatoa hela.